Diski moja imepotea kwenye VG: hiyo vgreduce iache kwanza

Swali lililokuja, nimelifupisha: seva ya ofisi ni AlmaLinux 9, mfumo uko kwenye diski yake peke yake, halafu kuna diski tatu za TB 4 zilizounganishwa kwa LVM, programu ya Linux ya kuunganisha na kugawa diski, kuwa VG moja (yaani kundi la diski) inaitwa vg_data. Ndani kuna LV mbili (vigawanyo vya hilo kundi): lv_nyaraka, faili zote za ofisi, mfumo wa faili ni XFS, na lv_bakapu. Umeme ulikatika, fundi akafungua mashine akapuliza vumbi, kuiwasha tena ikaishia emergency mode, ile skrini ya dharura. Ukipiga `vgs` inalalamika imekosa PV (diski moja ya hilo kundi) yenye UUID fulani, yaani namba ya utambulisho. Jamaa mmoja kamwambia apige `vgreduce --removemissing --force vg_data` seva itawaka. Anauliza, niipige? Na data zitarudi?

Mkuu, usiipige. Hata ile ya "nijaribu tu nione" usiipige. Aliyekuambia seva itawaka hajakudanganya, itawaka vizuri tu, ila itawaka bila lv_nyaraka, maana hiyo --force inafuta kila LV ambayo hata kipande chake kimoja kilikuwa kwenye diski iliyopotea, inafuta na vile vipande vyake vilivyoko kwenye diski mbili ambazo ni nzima kabisa. Ni sawa na mwalimu kaita jina, mtoto mmoja hajaitika, basi kafuta ukoo wao wote kwenye rejista. Bila --force komandi yenyewe inagoma, inakuambia kuna LV ziko nusu, na kule kugoma ndio ulinzi wako, watu wanaona ni usumbufu wanaongeza --force.

Kama ulishaipiga kabla ya kuniandikia, bado usilie. Kilichofutwa ni orodha ya nani anakaa wapi, zile data zenyewe hazijaguswa, na LVM huwa inaweka nakala ya orodha ya zamani kwenye /etc/lvm/archive kabla ya kila badiliko. Piga `vgcfgrestore --list vg_data` utaziona zote na kila moja imeandikwa ilitunzwa kabla ya komandi gani. Kitu cha kuepuka hapo ni kutengeneza LV mpya juu ya nafasi iliyoachwa wazi. Na angalia kwenye lvm.conf kama kuna mtu aliwahi kubadilisha `issue_discards` kuwa 1, kawaida ni 0, ikiwa 1 na diski ni SSD basi kufuta LV kunaiambia diski isahau yale maeneo na hapo stori inakuwa nyingine.

Tuje kwenye tatizo lenyewe. Ule ujumbe wa kukosa UUID unasema kitu kimoja tu, kwamba LVM imepita kwenye vifaa inavyoruhusiwa kuviangalia na hamna hata kimoja chenye lebo ya UUID hiyo. Haijasema diski imekufa. Inawezekana diski haionekani kabisa na kerneli, yaani Linux yenyewe, inawezekana kerneli inaiona ila LVM imezuiwa kuiangalia, inawezekana wote wanaiona ila lebo yake imeandikwa juu na kitu kingine, na inawezekana kweli inakufa. Ujumbe ni uleule kwa hali zote, dawa ni tofauti, na dawa ya hali moja ni sumu kwa nyingine. Kwa hiyo mpaka ujue uko wapi kati ya hizo usiandike chochote kwenye zile diski tatu. Kusoma ruksa, kuandika hapana.

Kwanza toka kwenye emergency mode, maana kufanya kazi kwenye ile skrini ni mateso. Kilichokufikisha pale ni /etc/fstab, faili la orodha ya vya kumaunti: systemd ilisubiri /dev/mapper/vg_data-lv_nyaraka ile dakika moja na nusu, haikuiona, ikaamua kukutupa huko. Ingia na nywila ya root, kama inagoma kuandika piga `mount -o remount,rw /`, halafu kwenye fstab mistari yote miwili ya vg_data weka alama ya # mbele. Restati. Seva itawaka kawaida bila data, na unaweza kuingia kwa ssh ukiwa umekaa vizuri. Ofisi watalalamika hawaoni faili, waache walalamike.

Kabla ya chochote kingine nakili folda ya LVM yote na uihamishe nje ya hiyo seva, flashi inatosha kabisa, ni faili ndogo za maandishi:

`cp -a /etc/lvm /root/lvm-kabla`

Sasa fungua /etc/lvm/backup/vg_data kwa `less` uisome, watu wengi hawajawahi hata kuifungua na ndio faili yenye thamani kuliko zote kwenye hii kazi. Tafuta ile UUID unayolalamikiwa, utakuta kitu cha namna hii chini yake:

```
device = "/dev/sdd"     # Hint only
dev_size = 7814037168   # 3.63869 Terabytes
pe_start = 2048
pe_count = 953861       # 3.63869 Terabytes
```

Hayo maneno ya mbele ya device yanakuambia jina sdd ni la kukisia tu, ndivyo ilivyokuwa siku orodha inaandikwa. Fundi akibadilisha nyaya kidogo tu sdd ya jana inakuwa sdb ya leo, kwa hiyo usije ukaamini herufi. Amini serial namba ya diski iliyobandikwa kwenye lebo ya karatasi juu yake, na uilinganishe na hii:

`lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,WWN,FSTYPE`

Piga pia `pvs` na `lvs -a -o +devices vg_data`. PV iliyopotea itaonekana kama [unknown], na kwenye lvs utaona kila LV inakaa kwenye diski zipi. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana inawezekana lv_bakapu haina hata kipande kwenye hiyo diski, ni nzima, imelala tu kwa sababu AlmaLinux haiwashi VG yenyewe mpaka iwe imekamilika. Kama ni hivyo iamshe kwa `lvchange -ay vg_data/lv_bakapu`, imaunti kwa kusoma tu, nakili nje. Umeshapata nusu ya usingizi wako.

Sasa lsblk imesema nini?

Ikiwa diski haipo kabisa kwenye orodha, zima seva, chomoa waya wa umeme, fungua kesi. Kwa jinsi ulivyoeleza, umeme kukatika halafu mtu kapuliza vumbi na mpira wa upepo, mimi dau langu la kwanza naweka kwenye waya wa SATA uliolegea au ule wa umeme wa diski, sio kwenye diski. Badilisha waya na poti, vyote viwili, washa, halafu soma `dmesg | grep -i ata`. Ukiona "SATA link down" kwenye poti ambayo unajua ina kitu, hapo hakuna mawasiliano kabisa, jaribu hiyo diski kwenye mashine nyingine ya Linux. Nasema Linux makusudi, sababu utaiona mbele.

Diski ikirudi baada ya kubadilisha waya usishangilie haraka, piga `smartctl -a` ya hiyo diski, inayosoma afya yake, uangalie vitu vitatu. Namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, ni makosa ya njiani kati ya diski na ubao, yaani waya. Hiyo hairudi sifuri hata ukiweka waya mpya, cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda. Namba 197 na namba 5 ni habari za sahani zenyewe, sekta zinazosubiri kuamuliwa na sekta zilizokwisha hamishwa. 199 imepanda na hizo mbili ni sifuri, shida ni waya na diski yako iko poa. 197 inaonyesha mamia, hiyo diski inakufa na kila ukiisoma unaila maisha yake, ruka uende sehemu ya kunakili huko chini.

Ikiwa imerudi poa, VG itakamilika yenyewe, `vgs` itabadilika kutoka `wz-pn-` kuwa `wz--n-`, hiyo p ya katikati ndiyo ilikuwa inasema iko nusu. Kama kuna mtu alibadilisha chochote kwenye VG wakati diski haipo, LVM itaendelea kuihesabu imepotea hata ikiwa mbele ya macho yake, hapo ni `vgextend --restoremissing vg_data /dev/sdX` na X uiweke kwa herufi uliyoithibitisha.

Hali ya pili, lsblk inaiona na FSTYPE inasema LVM2_member lakini pvs haiitaji. Hii kwenye ukoo wa RHEL 9 (Red Hat, ukoo wa AlmaLinux yako) inawakuta watu wengi waliotoka matoleo ya zamani, maana siku hizi LVM huku haipekui kila diski, inaangalia tu zilizoandikwa kwenye /etc/lvm/devices/system.devices. Diski ikibadilisha utambulisho wake, kwa mfano ilikuwa inapita kwenye kadi ya RAID sasa umeichomeka moja kwa moja kwenye ubao, au umeiweka kwenye kasha la USB, inaweza kuonekana mgeni na mgeni haingii. Kuthibitisha:

`pvs --devicesfile ""`

Hiyo inaiambia LVM isahau lile faili kwa komandi hiyo moja tu. PV ikitokea hapo, umeshinda, `lvmdevices --adddev /dev/sdX` na kazi imeisha. Isipotokea angalia kama kuna mtu aliweka `filter` au `global_filter` kwenye lvm.conf. Debian na Ubuntu kwa kawaida hawatumii hilo faili la vifaa kwa hiyo ushauri mwingi utakaousoma kutoka huko hauligusi kabisa.

Hali ya tatu ndiyo naiogopa zaidi kwako. Muulize fundi, kwa upole asije akaficha, kama aliitoa diski akaichomeka kwenye kompyuta ya Windows kuangalia kama ni nzima. Hizi diski zako ulizipa LVM nzimanzima bila patisheni, Windows ikikutana na diski ya hivyo inaiona tupu, inatoa kidirisha inauliza iiandae, na vidole vya watu vinabonyeza OK vyenyewe. Kujua kama imetokea piga `wipefs -n /dev/sdX`, hiyo n inahakikisha inasoma tu haifuti. Diski nzima ya LVM inaonyesha LVM2_member kwenye 0x218. Iliyoandaliwa na Windows inaonyesha gpt, yaani jedwali la patisheni, kwenye 0x200. Ukizitazama hizo namba utaelewa kila kitu: LVM inaweka lebo yake kwenye sekta ya pili ya diski, ile inayohesabiwa kama namba 1, na GPT inaweka kichwa chake hapohapo, kwa hiyo mmoja akiandika mwingine anafutika.

Habari njema ni kwamba data zako zinaanza sekta ya 2048, ndio ile pe_start uliyoiona kwenye faili, na jedwali la GPT la mbele linaishia kabla hata ya sekta ya 40. Kuna nakala ya pili ya GPT mwishoni mwa diski, sekta 33 za mwisho, na hapo piga hesabu: toa 2048 kwenye dev_size, kisha toa pe_count mara 8192 (kipande kimoja cha MB 4 ni sekta 8192), zinabaki sekta 5808 ambazo LVM haikuzitumia kabisa. Nakala ya GPT imeangukia humo. Kwa hiyo kama aliishia kwenye kuandaa na hakufomati, nyaraka hazijaguswa, ni mlango tu umebandikwa jina jingine.

Kurudisha, na hapa ndipo unaanza kuandika kwa mara ya kwanza kwa hiyo taratibu. Kama unaweza kupata diski nyingine ya TB 4 nakili nzima kwanza ufanyie kazi kwenye nakala. Kama huna, angalau tunza mwanzo wake: `dd if=/dev/sdX of=/root/mwanzo.img bs=1M count=16`. Kisha:

```
wipefs -a --backup /dev/sdX
pvcreate --test --uuid "UUID-ILIYOPOTEA" \
  --restorefile /etc/lvm/backup/vg_data /dev/sdX
```

Ya kwanza inaondoa alama za GPT na kukutunzia kila ilichofuta kwenye faili za .bak ndani ya home yako. Bila hiyo pvcreate itakataa kwa kuwa diski ina patisheni. Ya pili ni mazoezi, itapiga kelele tena kwamba haioni UUID, ni kawaida, ndiyo kwanza unairudisha. Ikipita rudia bila --test. Halafu `vgcfgrestore --test vg_data`, ikipita irudie bila --test, kisha `vgchange -ay vg_data`. Watu wanaogopa neno pvcreate wanadhani inafomati, ila kwa --uuid na --restorefile inaandika lebo na metadata tu pale mwanzoni, inaheshimu pe_start ya zamani. Unachoweza kuharibu hapa ni kukosea diski, kwa hiyo angalia serial namba tena kabla ya Enter.

LV zikiamka usikimbilie kumaunti kawaida wala usikimbilie xfs_repair, na hiyo `xfs_repair -L` utakayoikuta imependekezwa kila kona iache kabisa kwa sasa, inatupa logi, na baada ya umeme kukatika logi ndiyo yenye mabadiliko ya mwisho. Anza na `mount -o ro,norecovery /dev/vg_data/lv_nyaraka /mnt`, fungua faili kadhaa kubwa kwa kweli, PDF, picha, sio kuangalia majina tu, maana majina yanaweza kuwa sawa na ndani kuna takataka. Nakili nje vya muhimu. Ndipo umount, umaunti kawaida ijirudie logi yake.

Sasa kama smartctl ilisema diski inakufa. Hapo hamna LVM tena, kuna ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na diski mpya yenye ukubwa sawa au zaidi. Duru ya kwanza `ddrescue -f -n /dev/mbovu /dev/mpya /root/ramani.map` inachukua vinavyosomeka bila kung'ang'ania vibovu, duru ya pili ondoa -n weka `-d -r3` irudie sehemu zilizobaki. Lile faili la ramani ndilo linaifanya iendelee ilipoishia umeme ukikatika tena, kwa hiyo usilisahau na usilibadilishe jina. Ikiisha toa ile mbovu kwenye mashine kabisa kabla ya kuwasha, maana sasa una diski mbili zenye UUID moja na LVM inaweza kukataa kuwasha LV zake. Mpya ni kifaa kigeni, `lvmdevices --adddev` itahitajika.

Na kama haisomeki hata kidogo, kuna `vgchange -ay --activationmode partial vg_data`, inaamsha LV zilizo nusu na mahali pa diski iliyokosekana inaweka ukuta wa erori. Kwa LV iliyotandazwa mfululizo kwenye diski tatu unaweza kuokoa baadhi ya faili kwa ro,norecovery. Inategemea imekufa ipi: ile ya mwanzo inabeba kichwa kikuu cha XFS na ikikosekana kumaunti kunagoma. Kwa data ambazo ofisi haiwezi kuishi bila hizo, hapo simama, tafuta watu wa kuokoa data wenye vifaa, usiipige piga diski kama redio mbovu.

Kwa hiyo data zitarudi? Kwa waya au kwa lile faili la vifaa, zote. Kwa Windows, zote pia kama hakufomati. Kwa diski inayokufa, itategemea ddrescue imesoma kiasi gani.

Halafu hiyo lv_bakapu kukaa VG moja na vitu inavyovibakapu, hapana mkuu. LVM kuunganisha diski tatu bila kuambiwa ziwe kioo, yaani kila data iwe na nakala kwenye diski nyingine, inaongeza uwezekano wa kupoteza, diski moja ikianguka inavuta LV zote zinazoigusa. Hii ikiisha nunua diski nyingine za kutosha kubeba lv_nyaraka nzima, ziingize kwa `vgextend`, halafu `lvconvert --type raid1 -m 1 vg_data/lv_nyaraka`, bakapu ihamie mashine nyingine. Ile alama ya # kwenye fstab ukiitoa ongeza `nofail` ili siku nyingine seva iwake hata data zikikosekana, na hiyo lvconvert iendeshe usiku, kusawazisha diski za ukubwa huo kunakula masaa mengi, maendeleo unayaangalia kwa `lvs -a -o +sync_percent`.